Usimwache Mwenzako Chini

Ndugu zangu, siku hizi mtu akianguka barabarani, simu ndizo zinazomfikia kwanza. Huyu anapiga picha, yule anauliza kama roho bado imo, na wa tatu anapita kwa haraka, eti anawahi. Anawahi wapi, jamani? Wazee walikwisha kutuambia: leo kwangu, kesho kwako. Sina haja ya kulithibitisha hilo kwa watu wanaomcha Mungu.

Nina kisa cha kuwatia aibu kidogo. Frank McNamara wa Australia alikuwa mwalimu wa shule, tena ofisa wa askari wa miguu, watu wa kukanyaga vumbi. Mwaka 1915 alijifunza urubani huko Point Cook, na mwaka uliofuata akapelekwa vitani Misri. Tarehe 20 Machi 1917 yeye na marubani wenzake walikwenda kulipua reli ya Waturuki karibu na Gaza. Kombora lake mwenyewe likalipuka kabla ya wakati, likamchana mguu. Sasa mtu wa namna hiyo, damu inamtoka, nani angemlaumu kwa kurudi kambini?

Lakini akamwona mwenzake, Rutherford, ametua kwa ubovu wa injini, na wapanda farasi wa Kituruki wanamjia mbio. McNamara akatua. Ndege yake ilikuwa ya kiti kimoja, basi Rutherford akang'ang'ania bawa. Mguu ule wa jeraha ukashindwa kazi wakati wa kupaa, wakaanguka. Wewe, msomaji, hapo ungesema umejitahidi. Wao waliichoma moto ndege iliyovunjika wasimwachie adui, wakajikokota hadi ile mbovu huku risasi zikiwalilia masikioni. Rutherford akaihangaikia injini mpaka ikawaka, majeruhi akashika usukani, akarusha kilomita zipatazo 110 hadi kambini, nusu amezimia. Kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki!

Najua kwamba ninyi si watu wabaya. Msibani mnajaa, harusini mnachanga mpaka mnakopa. Basi huruma hiyo inakwenda wapi mbele ya mwenye pikipiki aliyelala mtaroni?

Na kwa kuwa nimekwisha kukasirika, niseme na hili. McNamara alipewa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross, rubani wa kwanza wa Australia kuipata, akapanda vyeo hadi vya juu kabisa katika jeshi la anga. Kisha mwaka 1946 akastaafishwa kwa malipo kiduchu. Asante ya punda! Uchungu ukamkaa hata akataka nishani yake isirudishwe kwao. Iko London, katika makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza. Msiwacheke Waaustralia. Yule mwalimu aliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, ulimjulia hali lini mara ya mwisho?