PIKIPIKI YA KARANI WETU: TUSIONE AIBU KUCHUKUA NYEPESI

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Mkutano mkuu ujao tutaulizwa jambo moja. Karani wetu wa mizani, aliyetimiza miaka 64, aendelee na ile pikipiki kubwa ya ushirika, au apewe nyepesi? Maneno yamekuwa mengi kilabuni na kisimani. Sisi tunaweka maoni yetu hapa ukutani, ili kila mtu ayasome kabla ya kunyoosha mkono.

Kwanza tuseme lililotokea. Masika iliyopita, kwenye mteremko wa mtoni, pikipiki ilimlalia mguu. Hakuwa kasi. Alikuwa amesimama tu, akakanyaga tope, mguu ukateleza. Alikaa pale mpaka watoto wa shule walipopita wakaiinua, na mfuko wa stakabadhi zetu ukiwa umelowa. Tangu siku hiyo vijana wakimwona wanapiga kelele, "Mzee kwisha!" Jamani, hiyo siyo heshima, wala siyo kweli. Anaendesha kwa uangalifu kuliko wao. Kilichomshinda ni kuinua, siyo kuendesha.

Na hapo ndipo penye shauri. Boxer ile ya 150 inapita kilo 110 ikiwa na mafuta yake. Ukifunga gunia nyuma, tena juu juu, inakuelemea hata ukiwa umesimama. Na mtu akishavuka miaka hamsini, nguvu za mapaja na mikono hupungua, hata awe mkulima hodari. Sisi wenyewe ni mashahidi: gunia tulilokuwa tukilitupa begani, siku hizi tunaita mtu atusaidie.

Wako wanaosema, pikipiki nyepesi haibebi magunia. Kweli kabisa. Lakini karani kazi yake ni vitabu na stakabadhi. Magunia tumempakia sisi kwa uvivu wetu. Hiyo kubwa ikabidhiwe kijana wa ghala, naye ndiye abebe magunia.

Wengine wanasema, basi mzee akae nyumbani. Hapo hatukubali. Huyu hajapoteza stakabadhi ya mtu hata moja, na hata siku ile ya tope alizianika moja moja. Ila tuseme na ukweli wa upande wa pili: pikipiki nyepesi haitibu macho wala kizunguzungu. Akapimwe macho hospitali. Daktari akisema basi, basi. Tena nyepesi hutikiswa na upepo wa malori kwenye barabara kuu, kwa hiyo huko aende polepole, na kofia ngumu kichwani.

Sasa tuchague ipi? Tusichague kwa sura wala kwa bei peke yake. Zile ndogo za aina ya Honda Cub, zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1958, gia hukanyagwa kwa mguu bila klachi ya mkononi, na zile za 90 hazifiki kilo 100. Lakini kabla ya kulipa, karani mwenyewe aende dukani akaijaribu. Akiikalia, nyayo zote mbili zifike chini. Aisukume kinyumenyume penye mwinuko kidogo. Aisimamishe kwenye stendi ya katikati bila kusaidiwa. Halafu ilazwe chini taratibu, ainue peke yake: azime injini, aingize gia isikimbie, aipe kiti mgongo, ashike usukani na chuma cha nyuma, asukume kwa miguu, siyo kwa kiuno. Akiweza, ndiyo yake. Asipoweza, nayo bado ni nzito, hata kama ni mpya na inang'aa. Tuulize pia kama vipuri vyake vinapatikana mjini.

Ndugu, sisi tulijifunza kusoma ukubwani. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza, watu wakacheka. Tungeisikiliza aibu ile, leo tusingeweza kuandika haya, wala tusingejua kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi zetu wenyewe. Aibu haijawahi kumwinua mtu aliyelaliwa na pikipiki mtoni.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kelele za "mzee kwisha" zikome leo. Na siku ya mkutano tunyooshe mikono karani apewe nyepesi, akiwa ameijaribu mwenyewe.

Ni sisi,
Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji