PIMENI BETRI KWANZA KABLA YA KUKATA MSHAHARA



Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, baridi ya Lilongwe inapowakusanya watu wa Area 23 kwenye moto wa alfajiri, malalamiko ya namna moja huniijia. Gari halikuwaka asubuhi. Stata ilizunguka polepole, ikaguna, ikanyamaza. Vibarua wakasukuma. Marobota ya tumbaku yakafika Kanengo yamechelewa, na tajiri akasema: "Dereva ameua betri. Akatwe."

Elimu yangu ni ya shule ya msingi, lakini nilishika spana kabla ya kushika kalamu ya chama. Nasema bila kuficha: kumkata mtu mshahara kwa kosa ambalo halikupimwa ni dhuluma.

Ndugu yetu mmoja, aliyekulia kambi ya Dzaleka, alikuwa akiendesha lori dogo la betri moja ya volti 12. Alikatwa bei ya betri kwa miezi mitatu. Betri mpya ikafungwa. Baada ya wiki mbili stata ikaanza kuguna tena. Tajiri akataka kumkata mara ya pili na kumfukuza juu yake. Mwenyewe hakulalamika. Tukumbuke kwamba mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo akidhulumiwa huona afadhali anyamaze. Mke wake ndiye aliyekuja kwangu.

Tulikwenda uani kwa ruhusa ya msimamizi, na mita ndogo ya kuazima. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, maana yake imejaa. Stata ilipokuwa inazungushwa, kwenye vichwa vya betri tulipata 11.4, lakini kwenye stata yenyewe zilifika 9.3 tu. Volti 2.1 zilikuwa zimepotea njiani! Upande wa chanya ulipoteza 0.3. Upande wa hasi, ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi na injini, ulipoteza 1.8. Tukafungua bolti yake: chini yake kulikuwa na kutu nyekundu. Tukapiga msasa, tukakaza, na gari likawaka mara moja.

Betri ilikuwa nzima. Na ile ya kwanza, aliyolipishwa dereva? Hakuna aliyeipima. Iliuzwa kama chuma chakavu.

Kipimo hiki si cha wahandisi. Kila dereva na kila utingo aweza kukijua. Kwanza iache betri itulie saa kadhaa, kisha pima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki karibu nusu, 12.0 inahitaji kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa. Pili, zuia injini isiwake kwa kufunga mafuta, halafu mwenzako azungushe stata. Volti kwenye betri iliyojaa zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka sana, betri ni dhaifu, au stata yenyewe inavuta umeme kupita kiasi.

Tatu, pima nyaya. Ncha moja ya mita iguse kichwa chenyewe cha betri, si kibano chake, na ncha ya pili iguse mahali waya unapoingia kwenye stata. Stata ikizunguka, mita itaonyesha kiasi kinachopotea njiani. Upande wa hasi pima hivyo hivyo, toka kichwa cha hasi hadi mwili wa stata. Upande wowote ukipoteza zaidi ya nusu volti, fungua, safisha na kaza. Nne, injini ikishawaka, betri isome kama volti 13.8 hadi 14.4. Ikiwa chini ya hapo, alteneta au mkanda wake haulishi betri, na hata ukinunua betri kumi zote zitakufa.

Kwa lori la betri mbili, la volti 24, zidisha hesabu za betri na chaji mara mbili, na kila betri ipimwe peke yake pia. Tahadhari: betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo sigara mbali. Ukifungua, anza na waya wa hasi. Ukifunga, uwe wa mwisho.

Wako watakaosema kwamba ninawatetea madereva wazembe. Sivyo. Yupo dereva anayelala na redio inaimba na taa zinawaka mpaka asubuhi. Betri yake itasoma chini, itachajiwa, na kosa litajulikana. Kipimo hakina upendeleo. Wala simlaumu fundi anayesema "betri imekufa" kwa kusikiliza sauti tu. Naye ni mfanyakazi mwenzetu, na mara nyingi hajapewa hata mita. Baridi nayo ina sehemu yake, kwani hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili iwe nzito. Je, na baridi tuikate mshahara?

Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000, kifungu cha 57, inasema mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya kazi, tena apewe kwanza nafasi ya kujitetea. Atajiteteaje mtu asiyeonyeshwa kipimo?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila gereji ya kiwanda na ya shamba iwe na mita na daftari. Gari likisumbua kuwaka, vipimo viandikwe, na dereva na mwakilishi wa chama wakiwepo. Asikatwe mtu hata tambala moja kabla ya hapo. Nasi wafanyakazi tujifunze kupima, na kila mwezi tusafishe vichwa vya betri na nyaya zake, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule ndugu bado yuko kazini, na makato ya pili yalifutwa. Fedha za miezi mitatu ya kwanza hazijarudi mpaka leo, na shauri lake hatujaliacha. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.