Rangi za Matunda na Maradhi ya Kisukari



Twaulizwa mara nyingi na wazee wa watoto wanaokuja chuoni: je, ni kweli kwamba zambarau, choya na manjano huzuia kisukari na unene wa kupita kiasi? Jawabu lake si la neno moja, na kwa kuwa jambo lenyewe lahusu uhai wa watu, yatupasa kulisema kwa uangalifu.

Rangi ya mmea si pambo tupu. Wekundu wa choya na weusi wa zambarau hutokana na vitu viitwavyo anthosiyanini, na rangi ya manjano hutokana na kurkumini. Mwaka 2013 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa khabari za watu 187,382 wa Marekani waliofuatwa kwa miaka mingi. Waliokula kwa wingi zabibu, matufaha, na tunda dogo la buluu la nchi za baridi liitwalo blueberry, waliugua kisukari kwa uchache kuliko wengine. Na anthosiyanini imo tele katika maganda ya tunda hilo, na ya zabibu nyeusi. Hatusemi kuwa rangi peke yake ndiyo iliyowalinda, kwani apendaye matunda huenda na mengine ya siha huyatenda. Walakini waliozidi kunywa maji ya matunda yaliyokamuliwa, hao waliugua zaidi! Kwani makapi yakitupwa, sukari hufika upesi katika damu na tumbo halishibi. Mtu hunenepa, na unene ndio mlango mkubwa wa kisukari cha ukubwani.

Nasi twafanyaje? Ukifika mwezi wa Ramadhani, choya huchemshwa, huchujwa, kisha hutiwa sukari hata kijiko karibu kisimame chenyewe, na tukaambiana kwamba ni dawa. Gilasi kama hiyo haiokolewi na wekundu wake.

Ama manjano, mwaka 2012 waganga wa Thailand walieleza jinsi walivyowajaribu watu 240 ambao sukari yao imeanza kupanda lakini hawajaugua. Baadhi walimeza kurkumini kwa miezi 9, na wengine vidonge visivyo na dawa. Katika hawa wa pili waliugua kama 16 kwa kila 100. Katika wale wa kwanza hakuugua hata mmoja. Ni khabari njema, ila ni jaribio moja tu, na kila mtu alimeza gramu moja na nusu ya kurkumini kwa siku. Gramu 100 za manjano ya jikoni hazina zaidi ya gramu 3 hivi. Basi zatakiwa gramu 50 za unga kila siku, na mchuzi gani utalika hivyo? Na vile vidonge vikali vya manjano viuzwavyo chupani vimekwisha kuwadhuru watu maini.

Kwa hiyo twawasihi sana wagonjwa: asiwepo wa kuacha vidonge vya daktari kwa ajili ya bizari. Na mwenye kuishi kwa sindano za insulini akiziacha, huweza kufa kwa siku chache tu.

Enyi akina mama, biringani msilimenye, kwani rangi yake iko gandani. Zambarau zilieni nzima, msizikamue. Choya nayo hunyweka bila sukari, ikitiwa iliki na mdalasini; siku tatu za kwanza huwa kali, kisha ulimi huzoea.