Hema Si ya Watu wa Karen Pekee

Wasee wa Majengo, tuongee ukweli. Ukisema wikendi unaenda kukempi, ploti nzima inakucheka. "Yaani unalipa ndio ulale chini? Si hiyo hapa tunafanya bure!" Joki iko sawa, lakini mi naikataa.

Hell's Gate kule Naivasha imekuwa mbuga ya taifa tangu 1984, na ni kama kilomita 90 tu kutoka tao. Ni kati ya mbuga chache Kenya unaruhusiwa kutembea kwa miguu ama kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Kumaanisha hauhitaji gari kubwa. Unahitaji matatu ya Naivasha, baiskeli ya kukodi pale geti, na mabeshte wanne wa kuchanga. Hema ya mtumba iko Gikomba, hapa tu kando yetu.

Mi na maboyz tulienda. Kitu ilinigusa si wanyama. Ni kukaa nje saa sita usiku tukipiga stori, na hakuna mtu anashtuka akisikia gari. Huku mtaani, kijana akipatikana nje saa hiyo lazima ajieleze. Hiyo amani si anasa, ni haki yetu. Ndio maana nasema hata kiingilio kitufikirie: kijana wa kibarua asilipe sawa na mwenye mshahara.

Ushauri moja tu: mvua ikianza, tokeni kwa lile korongo mbio. Mafuriko yaliua watu pale 2012, yakaua tena 2019.

Haya, nani anachanga?