Makofi ya uwanjani na saa 48 za mkuu wa wilaya

NENO LA JUMATANO
Na Zuhura Mkangara

Muuguzi yule alichukuliwa akiwa bado na saa yake kifuani, zile saa ndogo ambazo wauguzi hubandika juu ya mfuko wa sare. Ulikuwa mkutano wa hadhara, mchana, uwanja wa shule ya msingi. Wageni walikaa chini ya turubai, wananchi juani. Mama mmoja alisimama akasema zahanati haina dawa za watoto, huu mwezi wa pili. Mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, akauliza mhusika yuko wapi. Muuguzi akasimama.

"Mheshimiwa, maombi ya dawa tulishayapeleka..."

Hakumaliza. "Unanijibu? OCD, huyu akalale ndani, akapate akili," akamwamuru mkuu wa polisi wa wilaya. Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Nilikuwepo. Mikono yangu mwenyewe ilikutana mara mbili kabla sijajishtukia.

Alilala mahabusu siku mbili. Hakuna aliyemwandikisha maelezo, na mahakamani hakupelekwa. Aliambiwa tu, haya, nenda nyumbani. Nilimtembelea wiki iliyofuata, akanitolea daftari la maombi ya dawa. Kurasa mbili zilikuwa na mhuri wa kupokelewa wilayani, dawa zilezile zimeorodheshwa kwa kalamu ya bluu, idadi pembeni. Swali aliloulizwa uwanjani lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mkononi mwake. Zahanati haitengenezi dawa. Inaomba, ombi linapanda wilayani, linakwenda Bohari ya Dawa, na dawa zikipatikana ndipo zinaletwa zahanati. Kilichokwama kilikwama juu yake, akaadhibiwa yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa chini ya wote.

"Sakafu ya mahabusu ilikuwa baridi, dada," aliniambia, "lakini ile nitaisahau. Makofi ndiyo sitayasahau. Wale watu nimewazalisha mimi."

Mamlaka yaliyomlaza ndani yamo katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, kifungu cha 7 kwa mkuu wa mkoa na cha 15 kwa mkuu wa wilaya. Mtaani tunayaita "saa 48", na wengi tunaamini maana yake ni kwamba mkuu akikasirika anaweza kukulaza ndani siku mbili. Sheria haisemi hivyo. Inataka uwe umetenda kosa ambalo mtu hukamatwa na kushtakiwa kwalo, au iwepo sababu ya kuamini kwamba utavuruga amani na hakuna njia nyingine ya kukuzuia. Inataka mkuu aandike sababu zake na nakala imfikie hakimu. Inataka ufikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48. Usipofikishwa uachiwe, na usikamatwe tena kwa amri yake kwa jambo lilelile. Na inasema anayeyatumia mamlaka haya kinyume chake anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai la matumizi mabaya ya madaraka.

Soma tena orodha hiyo ukimkumbuka muuguzi na daftari lake. Kosa lake lilikuwa lipi? Amani ipi ilikuwa inavunjika pale uwanjani? Kukosekana kwa dawa si uvunjifu wa amani, na kumjibu mkubwa hakumo katika orodha ya makosa ya nchi hii.

Mizizi ya ubabe huu wa wakubwa ni mirefu. Mjerumani alipotutawala, adhabu ya viboko ilizoeleka kiasi cha kupewa jina la idadi yake, hamsa ishirini. Akaja Mwingereza na Bwana Shauri wake, mtu mmoja aliyekusanya kodi, akasikiliza kesi na kutoa adhabu. Tulipopata Uhuru tulisema hayo basi. Ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichopigania Uhuru, zilitamka kwamba cheo ni dhamana. Viongozi wakaitwa Ndugu, na mkubwa wa wote tukamwita kwa kazi yake ya zamani, Mwalimu. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara ya 15, ukamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu.

Wafanyakazi waliibeba ibara hiyo mifukoni. Miaka ile migomo ilizuka viwandani, na malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya matusi, ya meneja kumfokea mtu mzima kama mtoto. Mameneja walifungiwa mageti. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Ninayakumbusha haya kwa vijana wanaodhani wazee wao walizaliwa wakiinamisha vichwa.

Leo Ndugu imebaki kwenye vikao vya chama, na kila mwenye gari la serikali ni Mheshimiwa. Nimemwona mlinzi wa ofisi, mzee wa miaka sitini na ushei, akimwamkia shikamoo kiongozi anayelingana na mtoto wake wa mwisho, na kijana yule akaitikia marahaba bila kusita. Neno lile asili yake ni kushika miguu. Tuliligeuza kuwa heshima ya umri, tukalipenda, tukawafundisha watoto wetu. Kulirudisha kwenye cheo ni kumrudisha mzee yule magotini, na jambo lile liliniuma kuliko nilivyoweza kueleza pale getini.

Wapo wanaotetea saa 48, na sababu yao naijua. Wanasema watumishi wametutesa, mkuu wa wilaya ndiye kimbilio letu, bila yeye nani atamgusa afisa mla rushwa? Sisemi muuguzi wetu ni malaika. Mama mmoja wa kijiji kile aliniambia kwamba muuguzi aliwahi kumfokea akiwa na uchungu wa kujifungua, na mama yule alipiga makofi kwa moyo wote siku ile. Namwelewa. Kidonda chake ni cha kweli. Ila hakuna aliyemuuliza muuguzi kuhusu kile kidonda. Aliwekwa ndani kwa jambo jingine, na mama yule hajaombwa radhi mpaka leo. Dawa nazo zilikuja wiki tatu baadaye, kwa mzunguko wake wa kawaida.

Mtumishi mbovu ana sheria yake, Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Anapewa hati ya mashtaka, anajitetea, akikutwa na kosa anaadhibiwa hadi kufukuzwa kazi. Mla rushwa ana TAKUKURU. Mhalifu ana polisi, na polisi hawahitaji mwanasiasa wa kuwaambia nani wa kumkamata. Njia hizi ni za polepole kwa sababu zinasikiliza pande mbili. Adhabu ya uwanjani ni ya haraka kwa sababu haimsikilizi yeyote.

Viongozi wa juu wamekemea mara kadhaa, Rais Samia Suluhu Hassan akiwemo. Nashukuru. Lakini karipio hudumu mpaka mkutano unaofuata, na vifungu viwili bado viko kitabuni. Bunge lina uwezo wa kuvifuta. Mkuu wa wilaya ni mteule. Hakupigiwa kura, wala kazi yake si ya ujaji, na hakuna anachokifanya kwa ajili ya wananchi ambacho kitamshinda akikosa uwezo wa kumlaza mtu ndani. Wabunge wavifute, na wananchi tuwaulize wabunge wetu wamesimama upande gani.

Muuguzi yule bado yuko kazini. Ameomba uhamisho. Saa yake anaiweka mfukoni siku hizi, anasema akiibandika kifuani anakumbuka askari aliyemwambia aivue na kuikabidhi kaunta.

Mpaka vifungu vile vifutwe, ninawaomba jambo moja wasomaji wangu. Mkutano ujao, mtumishi akisimamishwa na amri ikatoka achukuliwe, shikeni mikono yenu. Kisha mmoja wenu ainue mkono, kwa adabu zote, aulize mbele ya uwanja: sababu zimeandikwa wapi, na nakala ya hakimu inapelekwa na nani?