Kenya na funzo la El Adde

Vikosi vya Kenya vilipovuka mpaka kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi, wengi mjini Nairobi walitarajia vita vya muda mfupi. Watalii walikuwa wametekwa nyara pwani ya Lamu, wafanyakazi wa misaada wametekwa Dadaab, na serikali ikasema subira imekwisha. Kilichowapokea wanajeshi kwanza kilikuwa mvua za vuli. Magari yalikwama matopeni, na mji wa Kismayo, uliokuwa shabaha kuu, haukutwaliwa ila mwishoni mwa Septemba 2012. Kufikia wakati huo Kenya ilikwisha kujiunga na AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika ambao wanajeshi wa Uganda na Burundi walikuwa wakiupigania kwa miaka kadhaa.

Kismayo huhesabiwa kuwa ushindi, na ni haki. Hata hivyo, mahali penye funzo zito zaidi kwa jeshi la Kenya ni El Adde, katika mkoa wa Gedo, ambako kambi yake ilivamiwa na Al-Shabaab alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016.

Jambo la kuumiza ni kwamba mbinu iliyotumika haikuwa mpya. Tarehe 26 Juni 2015 kambi ya Warundi huko Leego ilishambuliwa kwa namna iyo hiyo. Tarehe 1 Septemba mwaka huo ikafuata Janale, zamu ya wanajeshi wetu wa Uganda. Gari lililosheheni mabomu hulipuliwa langoni kabla ya watu kuamka sawasawa, kisha wapiganaji wengi humiminika kupitia ufa huo. Kutoka Leego hadi El Adde haikupita hata miezi saba.

Kwa nini basi kambi ya tatu ikaanguka? Sehemu ya jibu imo katika muundo wa ujumbe wenyewe. Kila nchi ilikuwa na eneo lake, na makamanda walisikiliza zaidi miji mikuu yao kuliko makao makuu ya Mogadishu. Kambi zilikuwa mbalimbali, na helikopta za kuwahi kutoa msaada hazikutosha. Tukumbuke kwamba Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda zilizokuwa njiani kwenda Somalia zilianguka Mlima Kenya, na pengo lake halikuzibwa upesi.

Lakini muundo hauelezi yote. Serikali zote tatu zilichukulia kushindwa kuwa aibu ya kusitiriwa, na idadi za waliokufa zikabishaniwa kila mara. Taarifa ya jinsi lango lilivyovunjwa ikifungiwa kabatini Bujumbura au Kampala, haimfikii ofisa wa Kenya anayepanga ulinzi wa lango lake.

Wanaotetea usiri husema kwamba adui hutumia idadi ya maiti kama silaha ya propaganda. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila baada ya El Adde, adui ndiye aliyeachiwa uwanja wa kusema. Al-Shabaab walitoa filamu yao ya shambulio, nacho kituo cha CNN kikahesabu waliouawa kuwa wasiopungua 141. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, aliyehudhuria ibada ya kumbukumbu kambini Eldoret, alitaja baadaye idadi ya kati ya 180 na 200. Nairobi ilikanusha, wala haikutoa hesabu yake. Januari 2017 kambi ya Kulbiyow iliposhambuliwa, jeshi lilitaja wanajeshi 9 waliokufa, na wengi hawakuliamini. Huenda lilisema kweli, lakini imani ilikwisha kutumika huko El Adde.

Sisi Waganda hatuna sababu ya kujivuna. Mei 2023 kambi yetu ya Buulo Mareer ilivamiwa alfajiri, kwa magari ya mabomu, miaka karibu minane baada ya Janale. Tofauti ni kwamba Rais Museveni, baada ya siku kadhaa, alitaja waziwazi wanajeshi 54 waliouawa, akasema pia kwamba makamanda walioamuru kurudi nyuma watashtakiwa. Familia zilijua mahali pa kuanzia matanga.

Tangu Januari 2025 ujumbe huo umekuwa na jina jipya, AUSSOM. Uganda na Kenya zimo bado, fedha hazina uhakika, na Warundi wameondoka, pamoja na maofisa wao walioiona Leego kwa macho. Nchini Kenya, Siku ya Majeshi huadhimishwa kila tarehe 14 Oktoba kwa gwaride na maua. Hesabu rasmi ya waliokufa El Adde haijatangazwa.