Kazi ya Mikono kwa Ajili ya Marehemu Wetu



Kila mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, hukumbuka kosa langu moja. Nililitenda mbele ya watu, kwa hiyo ni haki nilikiri mbele ya watu.

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya Marehemu Wote, mama mmoja alinifuata sakristia kabla ya Misa. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe: msalaba mdogo, jina la mtoto, na tarehe moja tu. Mwanawe alizaliwa na kufariki siku hiyohiyo. Aliomba kitambaa kile kiwekwe juu ya altare. Nikamjibu, wanakwaya wakisikia, kwamba altare si mahali pa kuweka vitu vya nyumbani, na kwamba kama anataka kumkumbuka mtoto, alete nia ya Misa. Alikikunja taratibu, akasema, “Sawa, Padre,” akaenda kuketi.

Kuhusu altare sikukosea. Kuhusu yule mama nilikosea sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa na picha ya mtoto wala nguo aliyowahi kuivaa. Kitambaa kile kilikuwa kitu pekee duniani chenye jina la mwanawe. Tena, kwa kuwa mtoto alifariki kabla ya kubatizwa, mama alilichukua jibu langu kama hukumu: kwamba mwanawe hana nafasi katika nyumba ya Mungu. Hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Katekisimu (na. 1261) inatufundisha kuwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilieleza kwa kirefu kwamba tunayo misingi ya kutumaini wokovu wao.

Tangu hapo nimeyasoma Maandiko kwa jicho jingine. Raheli alipofariki akijifungua, Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake (Mwa 35:19-20). Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao (Mdo 9:39). Ni kweli Petro aliwatoa nje ili asali, lakini hatusomi popote kwamba alizidharau zile nguo. Mimi nililitetea pambo la altare nikasahau machozi.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Imani yetu husema kinyume. Marehemu hayupo machoni petu, lakini lake lipo: lipo katika sala zetu, katika Sadaka ya Misa, na, nathubutu kusema, katika kazi ya mikono yetu.

Sisi Wakatoliki tukisikia neno “kigango” tunafikiria tawi la parokia. Kwa jirani zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, kigango ni nguzo ya mbao inayochongwa kumkumbuka mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Nguzo hiyo haipaswi kung’olewa, hata kama watu wamehama mahali hapo. Hata hivyo nyingi ziliibwa na kuuzwa ng’ambo kama mapambo. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirudisha Kenya vigango 37. Siwaalike Wakristo kuiga ibada zinazoambatana na nguzo hizo. Nawaalika kuona jambo moja: kilichotengenezwa kwa ajili ya marehemu wa watu hakina bei, maana hakikutengenezwa kwa ajili ya mnunuzi.

Nasi siku hizi tunanunua mno. Msiba ukitokea, zinaagizwa fulana zenye picha ya marehemu, mashada ya plastiki, vigae vya kaburi. Simlaumu mwenye uwezo. Lakini nimeona familia zikibaki na madeni, na baada ya arobaini hakuna tena anayekwenda makaburini. Fedha hulipa mara moja, jambo likaisha. Anayechonga msalaba wa mbao, anayesuka mkeka, anayedarizi kitambaa, hukaa na mpendwa wake siku nyingi, na kila pigo la patasi na kila tundu la sindano ni nafasi ya kumtaja mbele ya Mungu. Huzuni iliyokosa maneno hupata kazi ya kufanya.

Mipaka ipo. Kazi hiyo haichukui nafasi ya Misa wala sala, wala haifanywi kwa hofu, kana kwamba marehemu atatudhuru tusipomridhisha. Tunaifanya kwa upendo na kwa tumaini la ufufuko.

Kwa hiyo mwaka huu, tarehe 2 Novemba, tutaweka meza karibu na Mshumaa wa Pasaka. Mwenye kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kwa ajili ya marehemu wake akilete, hata kiwe kidogo namna gani. Msione haya kama mshono umepinda. Tukumbuke pia kwamba kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, kwa masharti ya kawaida ya kuungama, kupokea Komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, anaweza kuwapatia marehemu rehema kamili.

Yule mama nilimfuata nyumbani kwake kumwomba msamaha. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimekunjwa vilevile. Akanipa nikishike. Sikuwa na neno la kusema; tulisali tu. Nimemwomba kitambaa hicho kiwe cha kwanza mezani, naye amekubali.

Mungu awapokee marehemu wetu wote katika mwanga wake, na aibariki mikono yenu.

Ni mimi, Baba Paroko wenu.